Kusimama Nje ya Moto

Kituo cha Zimamoto, Mtaa wa Viwanda
6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Mgongo wangu umefika baadaye kidogo, maana barabara ile ina mashimo kama imechimbwa kwa makusudi. Kituo chenyewe ni kidogo: magari mawili, mnara wa mazoezi uliobabuka rangi, na ukumbi wa kulala wenye vitanda vya chuma kama vile ulivyolalia wewe. Tofauti ni kwamba mimi silali humo. Msimamizi wa zamu ana chumba chake, na chumba kina mlango. Zamani nililalamika juu ya mikoromo ya wenzangu. Sasa naisikia saa ya ukutani mpaka natamani mtu akorome.

Siku ya kuondoka uliniuliza walitaka nini hata wakanipa cheo, na basi likaondoka kabla sijakujibu. Walitaka vyeti kwanza: cha uongozi, cha huduma ya kwanza, cha moto wa kemikali, leseni ya gari kubwa, na miaka ya kazi motoni, siyo ya kukaa ofisini. Halafu daktari. Amenipima macho kwa vidoti vya rangi, amenipima masikio, amenipulizisha mrija mpaka nikaona nyota mchana. Kisha nguvu. Nimepanda mnara hadi juu na nguo zote za moto, mtungi wa hewa mgongoni, mpira wa maji begani, bila kushika reli. Nimeburuta sanamu lenye uzito wa mwanamume aliyeshiba. Nimetambaa kwenye handaki huku kioo cha barakoa kimezibwa. Mtahini akasema, "Msimamizi haruhusiwi kuwa dhaifu kuliko anaowaamuru." Nikataka kumjibu, sikuwa na pumzi, nikampungia mkono tu.

Hayo yote nimeyaweza. Lile ambalo hawakunipima ni hili: nikiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Wananiinukia, "Afande," kisha wanatazama vikombe vyao. Aliyenisemesha ni mmoja, mkubwa wao kwa umri, wanamwita Mzee Kengele kwa sababu zamani, kabla ya ving'ora, ndiye aliyekuwa akigonga kengele ya kituo. Akaniambia, "Karibu, afande. Mlango wa choo unafungwa kwa teke." Ndiyo hotuba pekee ya kunikaribisha niliyopewa.

Kifua chako kinaendeleaje? Dawa unakunywa?

Binti yako


Nyumbani
25 Februari

Mama,

Marahaba. Barua yako nimeisoma barazani kwa sauti ili majirani wasikie, na waliojifanya hawasikii nikairudia.

Enzi zetu walitupima kwa macho tu. Mkubwa alikuzunguka kama mtu anayenunua fahali, akakugonga kifua, ukisimama umepita. Vidoti vya rangi hatukuvijua. Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja ambaye hakutofautisha nyekundu na kijani, na alikuwa dereva.

Kuhusu vijana kunyamaza, wape muda. Mtu havuki mto kwa kuutazama. Kaa nao, kula nao, wataona una meno kama wao. Na huyo Mzee Kengele mshike. Kila kituo kina mtu mmoja ambaye kuta zinamsikiliza. Ukiwa naye, unao wote.

Mimi ni mzima kama jiwe. Asubuhi natembea hadi kituo chetu cha zamani, nakunywa chai na wale niliowaacha, narudi kwa miguu. Shangazi yako anakuja kunisumbua kila siku kwa jina la kunipikia. Ananipigia kelele kuhusu dawa kama vile mimi ndiye mdogo wake. Kwa hiyo usipoteze karatasi kuniuliza habari za kifua. Niulize habari za maana.

Baba yako


Kituo cha Zimamoto
11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo nina la maana, na natamani ningekuwa nimekaa mbele yako.

Juzi ulikuwa mtihani wa nguvu wa mwaka. Hakuna anayesamehewa, kuanzia mimi. Nilipanda wa kwanza ili wasiseme. Kisha wakapanda mmoja mmoja, nami nikiwafuata nyuma, ndivyo utaratibu unavyotaka. Kijana mmoja wanayemwita Mrefu, maana miguu yake hutoka nje ya kitanda, alipanda huku anaimba.

Zamu ya Mzee Kengele ilipofika, alipanda vizuri mwanzoni. Ghorofa ya tatu akasimama, mkono ukutani. Akasema bila kunigeukia, "Afande, nipe dakika." Nikampa. Akaomba nyingine. Nikasikia pumzi yake, Baba. Ilikuwa kama kitambaa kinachochanwa polepole. Chini wote wametuinulia nyuso.

Akaniambia, "Waliokutangulia walikuwa wanaandika kwamba nimefika. Mwaka huu nastaafu. Nani ataumia?"

Nikaandika kwamba hakufika. Nimemtoa kwenye moto, nimemweka kwenye meza ya redio, apokee simu na barua za kituo. Hakunitukana. Alilikunja koti lake la moto taratibu, kola juu, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto mchanga, akalikabidhi.

Tangu siku ile sisemeshwi ila kwa lazima. Chakula wananiwekea nikale chumbani, eti afande ana kazi nyingi. Mrefu hata kuimba ameacha nikipita. Huyu mzee ndiye aliyewafundisha wote, na mimi nimekuja jana.

Niambie kama nimekosea.

Binti yako


Nyumbani
2 Mei

Binti yangu,

Umeniuliza, nakujibu. Umekosea.

Mtu mzima hanyang'anywi koti mbele ya watoto aliowalea. Ungemwita pembeni. Ungemwacha amalize miezi yake iliyobaki, ukamweka nyuma ya mpira, ukamtuma kufungua maji. Kuna njia mia za kumficha mtu uzee wake, na wewe umechagua kumvua nguo sokoni.

Wakati naondolewa mimi ulikuwa shule ya bweni, hukuona. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti cha jikoni na viatu miguuni. Marehemu mama yako akaniuliza mbona sivui. Sikujua nivue niende wapi.

Cheo ni koti la kuazima. Na wewe utavuliwa siku moja, tena na mtoto wa mtu.

Usiniandikie habari za mzee huyo mpaka uwe umemrudishia heshima yake. Mimi ni mzima.

Baba yako


Kituo cha Zimamoto
3 Juni

Baba,

Shikamoo. Najua hutaki barua yangu. Naandika ili usije ukasikia kwenye redio ukashtuka.

Tumekuwa na moto kwenye ghala la mbao. Mimi ni mzima, sina hata lengelenge moja. Mrefu amefariki. Tumemzika jana.

Zaidi ya hapo siwezi. Niandikie, hata ukiwa bado na hasira. Nitaisoma hasira yako.

Binti yako


Kituo cha Zimamoto
28 Juni

Baba,

Bado sijapata kitu. Labda posta.

Nimeandika barua kadhaa nikazichana, kwa sababu kila moja ilianza na kujitetea. Hii hapa nasema moja tu. Ghorofa ya tatu, nilipoisikia ile pumzi, niliijua. Nimekua nikiisikia kila asubuhi kupitia ukuta wa chumba changu, ukikohoa bafuni na bomba umelifungua ili tusisikie. Tulikuwa tunasikia. Nilimtoa mzee yule kwa sababu yako. Wewe umedhani nimekusahau.

Binti yako


Kituo cha Zimamoto, meza ya redio
10 Julai

Mzee mwenzangu,

Salaam. Hunijui, ila nadhani jina langu limepita masikioni mwako. Mimi ndiye wanayemwita Kengele. Anwani yako nimeiona kwenye bahasha, maana barua zote za kituo hiki zinapita mkononi mwangu. Sijafungua hata moja. Nimeona tu kwamba zinakwenda, hazirudi.

Nakuandikia kuhusu mwanao, na yeye hajui.

Siku ya ghala ilikuwa alasiri yenye upepo. Redio ya mkononi iliharibika kulekule, nikatumwa na gari dogo kupeleka nyingine. Nilimkuta amesimama mbele ya lango, mgongo kwetu, saa mkononi. Watu walikuwa wamelia kwamba mlinzi wa ghala amebaki ndani, kwa hiyo alikuwa amewaingiza wawili kumtafuta, Mrefu na mwenzake. Moshi wa paani ulipogeuka rangi, aliona kabla yetu. Akawaita watoke. Yule mwenzake akatoka. Mrefu alikuwa nyuma yake, na boriti ikashuka katikati.

Mimi nilikwishavaa. Sikumbuki nilivyovaa. Nilichomoa koti la mtu garini, nikatia mtungi mgongoni, nikakimbia. Mwanao akanikamata mkanda.

Nikamwambia, "Niache. Huyo nimemfundisha mimi kufunga kamba za viatu."

Akasema, "Mzee, ukiingia nitakuwa na wawili wa kutoa."

Nilimsukuma. Nilimwita jina ambalo sitaliandika. Hakuniachia. Mkono mmoja amenishika mimi, mkono wa pili anawaelekeza vijana wawili wapitie ubavuni, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilimchukia kwa ile sauti. Walimtoa Mrefu akiwa bado anapumua. Alikata roho njiani kabla ya hospitali.

Mlinzi tulimwona baadaye anakuja barabarani kwa miguu. Alikuwa ametoka kidogo kununua sigara.

Watu wangu wanasema angeniacha niingie. Nami nilikuwa nasema hivyohivyo, tena kwa sauti, makusudi asikie. Kisha siku moja wengine wamelala usingizi wa mchana, nilichukua vifaa nikaupanda ule mnara peke yangu, nimwonyeshe hata kama haoni. Mzee mwenzangu, safari hii sikufika hata pale nilipoishia siku ya mtihani. Nilikaa kwenye ngazi, nikavua barakoa, nikajiuliza: kule ghalani ningeangukia wapi? Ningemwangukia Mrefu. Na wale vijana wawili wangenikuta mimi kwanza.

Sijamwambia. Mdomo wa mtu mzima ni mzito mbele ya binti anayelingana na mwanawe. Nasema "ndiyo, afande" na "hapana, afande", naye anaitikia.

Kila asubuhi anapita kwenye meza yangu. Anauliza habari za redio. Redio haina habari, tuna siku nyingi hatujaitwa. Anauliza huku macho yanateleza kwenye trei ya barua, halafu anaondoka. Kichwa hakigeuzi, lakini mimi nimekaa hapa muda mrefu sasa, najua anauliza nini.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu nimeushika kidogo, si usufi. Kama una hasira naye kwa ajili yangu, tafadhali iache. Mwandikie.

Mzee Kengele


Hospitali, wodi ya wanaume
22 Julai

Mwanangu,

Ni mimi shangazi yako. Kaa kwanza ndipo usome.

Baba yako yuko hapa tangu mwezi Mei, siku chache baada ya kukutumia ile barua yake ya ukali. Kifua kilikataa kabisa. Alinikataza nisikuandikie, akaniapisha, na unamjua kaka yangu, mimi niliapa ili apumzike. Ile habari ya kutembea hadi kituoni kunywa chai na wenzake ni hadithi. Tangu uondoke hajafika hata getini. Alikuwa analala ameketi kwenye kiti, na mimi nililala sebuleni kwake nikimsikiliza. Kwa hiyo barua zako hazikudharauliwa. Nimemsomea zote. Ya moto alinifanya niirudie mpaka muuguzi akaniambia nitamchosha mgonjwa, nikamwambia dada, anayechoka hapa ni mimi.

Halafu ikaja barua ya huyo mzee wa redio. Nilipomaliza, baba yako aligeukia ukutani. Nikajua analia, nikatoka nikazungumza na mwenye kufagia. Niliporudi akasema, "Lete kalamu." Vidole vikagoma. Basi nimeandika mimi, kama alivyosema, na pale aliposimama kupumua nimeacha nafasi.

"Mama.

Nilikuandikia vibaya. Ile barua ilikuwa ya mtu mwingine, wa zamani, ambaye sina tena anwani yake.

Mimi waliniondoa wamechelewa. Kila mkubwa aliniandikia nimefika. Walinihurumia. Huruma yao ndiyo hii ninayoikohoa.

Kuhusu kijana wako, sina la kukufundisha. Maisha yangu yote niliingia. Nilikuwa naambiwa ingia, naingia, moto unanisaidia kutofikiri. Sikubaki nje hata siku moja nikiwa nimemtuma mtu ndani. Sijui inakuwaje. Nimelala hapa najaribu kuwaza, nafika langoni, nashindwa.

Hiyo kazi yako siijui, mama. Natamani ningeijua.

Njoo ukipata ruhusa. Usipopata, nitaelewa, mimi pia nilikosa ruhusa nyingi."

Mwisho wa maneno yake. Yangu ni haya: omba ruhusa leo.

Shangazi yako


Kituo cha Zimamoto
5 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nimerudi. Ulinifukuza vizuri: "Nenda, watu wako hawana kiongozi, mimi nina dada." Nilitembea hadi stendi ya basi bila kugeuka, kwa sababu nilijua umemwomba Shangazi akusogeze dirishani.

Daktari aliniambia ukweli pale koridoni, nawe unajua alichoniambia. Kwa hiyo tusiandikiane tena kwamba sisi ni wazima kama mawe. Siku nilizokaa kando ya kitanda chako hatukuzungumza mengi, na nilipofika huku ndipo maneno yote yakanijia, njiani, nikiwa na mtu asiyenijua amenilalia begani.

Mzee Kengele hakuniomba radhi, na nisingependa aniombe. Jioni ya kwanza alibisha hodi, akaingia na kikombe chake, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akanywa chai yake yote akitazama dirishani. Akasema, "Baba anasemaje?" Nikasema, "Anasema ahsante." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kesho yake akaja tena. Mwisho wa mwaka ataondoka, na sijui kiti kile nitakifanyia nini.

Kitanda cha Mrefu hakuna anayekitaka. Wameniletea mtu mpya, mwanamke, mabega mapana, mwenye maswali mengi. Nimempandisha mnara, nimemburutisha sanamu. Kafika juu akanitazama kana kwamba nitampigia makofi. Nimemwambia arudie.

Jana tuliitwa. Jikoni kwa mtu, ghorofa ya pili, mafuta ya kukaangia yameshika pazia. Moto mdogo, Baba, wewe ungeuzima kwa mfuniko. Lakini mtoto alikuwa ndani, kwa hiyo niliingiza wawili, na mmoja wao ni huyu mgeni. Nikasimama pale chini barabarani. Watu wamejaa, wananiuliza mbona mimi siingii. Nikatazama dirisha. Nikatazama rangi ya moshi. Hewa yao nilikuwa naihesabu mimi kwa kifua changu. Walitoka na mtoto anakohoa na kulia, kulia kuzuri.

Tulipokuwa tunakunja mpira, yule mgeni akanisogelea akaniuliza, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Afande, ukibaki nje unaogopa?"

Dereva akajifanya anakaza nati ambayo haikulegea.

Nikasema, "Ndiyo. Sana."

Akasema, "Sisi tulidhani huogopi."

Tuliendelea kukunja. Ila tuliporudi, sahani yangu ilikuwa kwenye meza ya wote, baina ya dereva na mgeni, na nikala pale. Walizungumza habari za mpira wa miguu. Sikuchangia, sijui hata timu zao. Nilikuwa nimekaa tu nawasikiliza, na nikatamani nikueleze, na nikakumbuka kwamba huwezi kuandika.

Basi naomba hivi. Usijilazimishe kusema maneno ya Shangazi kuandika kama pumzi haitoshi. Mwambie atie stempu kwenye bahasha, aandike jina langu, aiweke posta. Si lazima kuwe na kitu ndani. Mzee Kengele ataipokea, ataiweka juu ya zote kwenye trei. Nitaifungua hivyohivyo.

Binti yako